Ukali na Upole wa Elementi: Mifano Kutoka Mashamba ya Chai ya Kericho na Bomet

Utangulizi

Juu ya kila mita mraba ya shamba la chai katika nyanda za juu za Kericho na Bomet kuna takribani tani 6 za naitrojeni. Hesabu yake si ngumu. Mahali palipoinuka mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa iliyo juu ya mita mraba moja ina uzito wa tani 8 hivi, na robo tatu ya uzito huo ni naitrojeni. Hata hivyo, mkulima mdogo wa Mogogosiek au Litein mwenye nusu ekari ya michai hana budi kununua naitrojeni kwa gunia. Katika mbolea ya 26:5:5 ambayo hutumiwa sana katika zao hili, namba ya kwanza ndiyo asilimia ya naitrojeni. Kwa hiyo gunia la kilo 50 lina kilo 13 tu za elementi hiyo. Aghalabu mbolea hiyo huchukuliwa kwa mkopo kupitia kiwanda, na bei yake hukatwa katika malipo ya majani.

Wakati huohuo, oksijeni, ambayo ni sehemu ya tano tu ya hewa hiyohiyo, haimsubiri mkulima ainunue. Hula jembe lake usiku na mchana, hulifanya bati la nyumba yake liote kutu, na huigeuza rangi ya majani yake ya chai mara tu yanapopondwa kiwandani. Gesi mbili zilizochanganyika katika hewa moja hazifanyi kazi kwa namna moja: moja ni jirani mpole asiyegusa chochote, na nyingine haikai bila ya kujishughulisha na mali ya watu. Je, tofauti hiyo inatokana na nini?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuchunguza sababu zinazozifanya baadhi ya elementi kuwa nyepesi kumenyuka kuliko nyingine. Hoja inayotetewa ni kwamba wepesi wa kumenyuka si hulka ambayo elementi huzaliwa nayo na kwenda nayo kila mahali. Wepesi huo hutegemea mambo matatu: jinsi atomi inavyozishika elektroni zake za nje, kile ambacho atomi hiyo imefungamana nacho kabla ya mmenyuko, na kizuizi kinachosimama kati yake na mwenziwe. Mifano mingi imechukuliwa katika nchi ya chai, kwa kuwa huko mambo hayo matatu huonekana shambani, jikoni na kiwandani bila ya kuhitaji maabara.

Istilahi na Mafumbo Yake

Elementi ni dutu ambayo haiwezi kugawanywa kwa njia za kikemia ili itoe dutu nyingine iliyo sahili zaidi. Chuma, shaba, dhahabu, oksijeni na naitrojeni ni elementi. Maji, chumvi na kutu si elementi bali ni misombo, yaani dutu zilizoundwa kwa elementi mbili au zaidi zilizofungamana. Mmenyuko ni tukio ambalo vifungo vya awali kati ya atomi huvunjika na vifungo vipya huundwa. Elementi ikimenyuka kwa urahisi na dutu nyingi husemwa kuwa ni nyepesi kumenyuka. Isipomenyuka kwa urahisi huitwa ajizi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na tangu hapo haifai tena kudaiwa kwamba lugha hii haina hata msamiati wa kuanzia.

Tatizo haliko katika uhaba wa maneno pekee. Liko pia katika mafumbo yanayojificha ndani ya maneno tuliyo nayo. Katika mazungumzo ya kila siku dutu huitwa kali au pole, kana kwamba ni watu wenye tabia. Lugha za kitaalamu nazo hazijaepukana na sitiari hiyo. Sitiari hiyo husaidia mwanzoni, lakini humpotosha mwanafunzi anapofika mahali ambapo elementi moja inaonekana kali leo na pole kesho.

Wanaisimu wana sababu ya pekee ya kulifuatilia jambo hili, kwani wamewahi kukopa kutoka kwa wanakemia. Mwanaisimu Mfaransa Lucien Tesnière, ambaye kitabu chake kikuu kuhusu sintaksia kilitolewa mwaka 1959 baada ya kifo chake, alikifananisha kitenzi na atomi yenye kulabu za kunasia viambajengo vingine. Dhana hiyo ndiyo inayoitwa valensi. Kitenzi lala hunasa kiima tu. Chuma, kama katika sentensi "Mama anachuma chai", hunasa kiima na yambwa. Pa, kama katika "Kiwanda kiliwapa wakulima bonasi", hunasa vitatu. Itaonekana baadaye kwamba idadi ya kulabu ni jambo moja, na wepesi wa kunasa ni jambo jingine kabisa.

Elektroni za Nje

Kila atomi ina kiini chenye protoni, ambazo zina chaji chanya. Kukizunguka kiini hicho kuna elektroni zenye chaji hasi, zilizopangika kwa matabaka. Elektroni za tabaka la nje ndizo zinazoshiriki katika mmenyuko. Zile za ndani hubaki nyumbani. Kwa elementi nyingi nyepesi, mpangilio ulio imara ni ule wa tabaka la nje lenye elektroni nane, au mbili kwa heliamu. Atomi isiyokuwa na mpangilio huo inaweza kuufikia kwa kutoa elektroni, kwa kupokea, au kwa kushirikiana na atomi nyingine.

Metali aghalabu hutoa. Urahisi wa kutoa hutegemea umbali wa elektroni ya nje kutoka kwenye kiini, na idadi ya elektroni za ndani zinazoikinga isiuhisi mvuto wa kiini kikamilifu. Ng'ombe anayelisha ukingoni mwa malisho, akiwa mbali na mchungaji na tena akifichwa na ng'ombe wengine walio katikati, huibwa kwa urahisi kuliko yule aliye karibu na fimbo. Ndivyo ilivyo kwa lithi, sodiamu na potasiamu. Zote tatu zina elektroni moja tu katika tabaka la nje, lakini lithi ina matabaka mawili, sodiamu matatu na potasiamu manne. Kuiondoa elektroni hiyo kunahitaji kilojuli 520 kwa kila moli ya atomi za lithi, 496 kwa sodiamu, na 419 tu kwa potasiamu. Ndiyo maana kipande cha lithi hutoa mapovu taratibu kikitiwa majini, ilhali kipande cha potasiamu huwaka papo hapo kwa mwali wa rangi ya zambarau.

Simetali nyingi hufanya kinyume: huvuta elektroni. Kwao udogo ndio nguvu. Florini ina elektroni saba katika tabaka la nje, inahitaji moja tu, na kiini chake kiko karibu na tabaka hilo. Kwa hiyo huivuta elektroni ya jirani kwa nguvu nyingi. Kadiri mtu anavyoshuka katika familia hiyo, kutoka florini hadi klorini, bromini na iodini, ndivyo atomi zinavyokuwa kubwa na uvutaji wake kupungua. Pembeni kabisa ziko gesi ajizi kama heliamu, neoni na argoni, ambazo tabaka lake la nje limekwisha kujaa.

Historia ya ugunduzi inauthibitisha mpangilio huu kwa namna ya kuvutia. Dhahabu imejulikana kwa maelfu ya miaka kwa sababu hupatikana ardhini ikiwa peke yake. Ndivyo ilivyopatikana Kakamega, ambako wimbi la wachimbaji lilianza mwaka 1931, na ndivyo inavyopatikana Lolgorien, kusini-magharibi mwa Bomet. Potasiamu, kwa upande mwingine, imejaa tele katika jivu la kila jiko la kuni, na katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya maji ya jivu yametumiwa tangu zamani kulainisha mboga. Hata hivyo, hakuna mtu aliyewahi kuiona potasiamu tupu hadi mwaka 1807, Humphry Davy alipopitisha umeme katika potashi iliyoyeyushwa. Ilichelewa kuonekana kwa kuwa haikai peke yake. Argoni ilichelewa kwa sababu iliyo kinyume: ni karibu asilimia moja ya hewa tunayoivuta, lakini kwa kuwa haimenyuki, ilitambuliwa mwaka 1894 tu.

Zinki, Dhahabu na Hesabu ya Salio

Maelezo yaliyotolewa hadi hapa ndiyo yanayopatikana katika vitabu vingi vya shule, na mwanafunzi anaweza kudhani kwamba yanatosha. Hayatoshi. Katika orodha ya wepesi wa metali, zinki iko juu ya chuma, na dhahabu iko chini kabisa. Kama elektroni ya nje ndiyo sababu pekee, ingetarajiwa kwamba zinki huitoa kwa urahisi kuliko dhahabu. Vipimo vinasema vingine: kuiondoa elektroni ya kwanza ya zinki kunahitaji kilojuli 906 kwa kila moli, na ya dhahabu kilojuli 890. Zinki inaishika elektroni yake kwa nguvu zaidi kidogo, na bado ndiyo iliyo nyepesi kumenyuka.

Jibu liko katika hesabu nzima. Atomi ya metali kabla haijamenyuka imeshikamana na atomi wenzake. Inabidi kwanza iachane nao, kisha itoe elektroni, halafu ipokewe na maji au na oksijeni. Hatua mbili za kwanza hugharimu nishati. Ya tatu huirudisha. Atomi za dhahabu zimeshikamana sana, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za selsiasi. Za zinki zimeshikamana kwa ulegevu, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 420 tu. Tena, ioni za zinki, yaani atomi zilizokwisha kutoa elektroni, hupokewa na maji kwa nguvu nyingi. Mkulima wa chai anaielewa hesabu ya aina hii bila ya kufundishwa: haangalii kato moja la mbolea au la usafiri akajua amepata nini, bali huangalia salio la mwisho wa mwaka bonasi inapolipwa. Mmenyuko nao huamuliwa na salio.

Salio hilo ndilo linaloyalinda mapaa ya Kericho. Bati la nyumba ni chuma kilichopakwa zinki. Katika eneo linalopata mvua karibu mwaka mzima, chuma kitupu kingeoza upesi. Zinki, kwa kuwa ni nyepesi zaidi kutoa elektroni ikiwa katika maji, humenyuka kwa niaba ya chuma. Hata bati likikwaruzwa na msumari na chuma kikaonekana, zinki iliyo jirani huendelea kujitoa mhanga. Kutu huenea wakati zinki imekwisha. Aliye mwepesi kuliwa hapa ndiye mlinzi.

Kizuizi Kati ya Wawili

Alumini iko juu ya zinki katika orodha hiyohiyo. Kwa kuifuata orodha peke yake, sufuria ya alumini ingepaswa kuharibika haraka kuliko bati. Lakini sufuria huchemsha chai kila asubuhi kwa miaka mingi. Sababu ni kwamba alumini humenyuka na oksijeni upesi mno, na oksidi inayotokea hujishikiza juu ya metali kama ngozi nyembamba isiyopenya hewa, yenye unene wa nanomita chache tu. Kutu ya chuma hubanduka na kuacha chuma kipya wazi. Ngozi ya alumini haibanduki. Hivyo elementi kali inaonekana pole kwa sababu ukali wake wa mara ya kwanza umeifungia mlango. Mpishi akichemsha mboga zenye magadi katika sufuria hiyo, magadi huila ngozi ile, na sufuria hubadilika rangi.

Kizuizi kinaweza pia kuwa cha nishati. Wakipsigis huhifadhi maziwa ya mursik katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kaa la mti uitwao senetwet. Chembe za mkaa huo, ambao sehemu yake kubwa ni kaboni, hukaa katika maziwa kwa siku nyingi bila ya kubadilika. Mkaa uleule ukitiwa moto jikoni huwaka hadi ukabaki jivu. Kaboni haikubadilika tabia, wala oksijeni haikukosekana mara ya kwanza. Kilichotofautiana ni kwamba moto ulitoa nishati ya kuvunjia vifungo vya awali, na baada ya hapo mmenyuko ukajiendesha wenyewe kwa joto lake.

Mfano ulio bora zaidi uko kiwandani. Jani la chai lililo kwenye mchai limezungukwa na oksijeni mchana kutwa, nalo hubaki kijani. Ndani ya seli zake mna kemikali ziitwazo katekini, na mna kimeng'enya kinachoweza kuzimenyusha na oksijeni. Lakini viwili hivyo vimehifadhiwa katika vyumba tofauti vya seli. Majani yakishanyaushwa na kupitishwa katika mashine za kukata, kurarua na kuviringisha, vyumba hivyo hupasuka, na kimeng'enya hukutana na katekini. Katika moyo wa kimeng'enya hicho mna atomi za shaba, metali ambayo kwa kawaida haina haraka. Zikiwa zimeshikwa na protini kwa mkao maalumu, atomi hizo huichukua oksijeni na kuipitisha kwa katekini bila ya kuhitaji moto. Katika muda wa saa moja hadi mbili, majani ya kijani hugeuka kuwa na rangi ya shaba na kupata harufu ya chai. Joto la mashine ya kukaushia hukiharibu kimeng'enya, na mmenyuko husimama. Katika chai ya kijani, kimeng'enya hicho huharibiwa mapema kwa mvuke au kwa joto kavu, na ndiyo sababu rangi haibadiliki.

Hatua hiyo kiwandani huitwa uchachushaji. Kwa mtazamo wa kiistilahi, jina hilo ni la kupotosha, kwa kuwa hakuna chachu wala vijiumbe vinavyofanya kazi kama ilivyo katika togwa au mursik. Ni uoksidishaji. Hata hivyo neno hilo limeshika mizizi miongoni mwa wafanyakazi, na mwanaistilahi anayetaka kulibadilisha hana budi kuanza kwa kuwaeleza kwa nini.

Naitrojeni: Mpole Aliyefungwa

Sasa inawezekana kulirudia swali la mkulima. Atomi ya naitrojeni ina elektroni tano katika tabaka la nje na inahitaji tatu zaidi. Kwa lugha ya Tesnière, ina kulabu tatu. Atomi hiyo ikiwa peke yake si pole hata kidogo. Hushambulia karibu chochote inachokutana nacho. Lakini katika hewa haiko peke yake. Atomi mbili zimenasana kwa kulabu zote tatu, na kifungo hicho cha utatu ni miongoni mwa vifungo imara kuliko vyote vinavyojulikana katika kemia. Kukivunja kunahitaji kilojuli 945 kwa kila moli. Kifungo kati ya atomi mbili za oksijeni huvunjwa kwa kilojuli 498, na cha florini kwa 158 tu.

Takwimu hizo tatu zinaeleza mambo mengi. Florini ni kali si kwa sababu tu kwamba huvuta elektroni kwa nguvu, bali pia kwa sababu atomi zake mbili zimeshikana kwa ulegevu. Naitrojeni ni pole si kwa sababu haitaki chochote, bali kwa sababu imekwisha kupata inachotaka, na imekipata kutoka kwa naitrojeni mwenzake. Upole wake ni wa kifungo, si wa atomi. Kitenzi chenye valensi kubwa kinaweza kukaa kimya katika sentensi iliyokwisha kukamilika. Ndivyo ilivyo naitrojeni angani.

Michai haina uwezo wa kukivunja kifungo hicho. Njia za kukivunja ni chache. Ya kwanza ni radi, ambayo hutoa joto kali la kuunganisha naitrojeni na oksijeni. Bonde la Ziwa Viktoria na nyanda zinazolizunguka ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi, lakini kiasi kinachopatikana hivyo hakitoshi kulisha zao linalochumwa mwaka mzima. Ya pili ni bakteria wanaoishi katika mizizi ya maharagwe na jamii yake, ambao wana kimeng'enya chenye atomi za chuma na molibdeni. Ya tatu ni ya kiwandani. Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 jinsi naitrojeni na haidrojeni zinavyoweza kuunganishwa ziwe amonia, na Carl Bosch akaiendeleza njia hiyo hadi kiwanda cha kwanza kilipofunguliwa Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Njia hiyo inahitaji joto la nyuzi 400 hadi 500, mgandamizo wa mamia ya mara ya ule wa hewa, na kichocheo cha chuma.

Haidrojeni inayotumika hupatikana kwa wingi kutoka gesi asilia. Kwa hiyo bei ya gunia la mbolea huko Bomet imefungamana na bei ya gesi katika masoko ya mbali. Mwaka 2022, vita vilipozuka Ukraine na bei ya gesi ikapanda, wakulima wa Kenya waliihisi athari yake madukani. Anacholipia mkulima si naitrojeni yenyewe, kwa kuwa hiyo anayo tani 6 juu ya kila mita mraba. Analipia gharama ya kukivunja kifungo.

Udongo Baada ya Mbolea

Mbolea hiyohiyo ina potasiamu, ile metali inayowaka majini. Mbona gunia halilipuki mvua inapolinyeshea? Kwa sababu potasiamu iliyo katika mbolea imekwisha kutoa elektroni yake. Ni ioni, na ioni ya potasiamu ni tulivu kiasi kwamba imo katika damu ya kila mtu. Vivyo hivyo, mchai hufyonza florini kutoka ardhini na kuiweka katika majani, lakini ni katika umbo la floridi, yaani florini iliyokwisha kupokea elektroni iliyoihitaji. Jina ni lilelile katika gunia, katika jani na katika maabara. Hali ni tofauti kabisa.

Kulielewa jambo hili kuna faida za moja kwa moja shambani. Bakteria wa ardhini huigeuza amonia ya mbolea kuwa nitrati, na mmenyuko huo huacha asidi nyuma. Mwaka baada ya mwaka, udongo huzidi kuwa na asidi. Michai hustawi katika pH ya 4.5 hadi 5.6 hivi, kwa hiyo huvumilia kwa muda. Lakini pH inaposhuka chini ya 5, alumini ambayo ilikuwa imefungwa katika madini ya udongo mwekundu huanza kuachiliwa ikiwa ioni. Alumini hiyo, ambayo katika sufuria imelindwa na ngozi yake, sasa imo majini, nayo huidumaza mizizi ya mimea mingi. Mchai ni wa pekee kwa kuwa huifyonza na kuihifadhi katika majani makuukuu, ambayo kilo moja yake ikikauka huweza kuwa na gramu 10 au zaidi za alumini. Majani machanga huwa na kidogo sana. Ile desturi ya kuchuma majani mawili na kichipukizi, iliyowekwa kwa ajili ya ubora wa chai, humwepusha mnywaji na sehemu kubwa ya alumini na floridi pia.

Mahindi hayana uwezo huo. Mkulima anayeng'oa michai iliyotiwa mbolea kwa miongo kadhaa na kupanda mahindi mahali pake anaweza kuona mimea imedumaa na mizizi imekuwa mifupi na minene, akadhani kwamba mbegu ni mbovu au mbolea imepungua. Akiongeza mbolea ya amonia, huongeza asidi, na alumini huzidi kuachiliwa. Kinachohitajika ni kupima udongo na kutia chokaa, ambayo huipunguza asidi na kuirudisha alumini katika kifungo chake. Vilevile, matawi yaliyopogolewa yakiachwa shambani badala ya kuchukuliwa kuni, huurudishia udongo naitrojeni na potasiamu ambazo mkulima amekwisha kuzilipia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba elementi moja huwa nyepesi kumenyuka kuliko nyingine kwa sababu ya mpangilio wa elektroni za nje, umbali wake kutoka kwenye kiini, na salio la nishati kati ya vifungo vinavyovunjwa na vinavyoundwa. Yameonyesha pia kwamba hata pale salio linaporuhusu, kizuizi chaweza kuuzuia mmenyuko hadi moto, kimeng'enya au kichocheo kingine kifungue njia. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama elementi fulani ni kali au pole. Swali ni: imefungamana na nani sasa, inaweza kufungamana na nani baadaye, na nini kinaizuia?

Mashamba ya chai ya Kericho na Bomet yaliwakusanya wafanyakazi kutoka jamii nyingi za Kenya tangu miaka ya 1920, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha kuelewana katika kuchuma, kupima na kulipana. Lugha iliyoimudu kazi hiyo inaweza pia kueleza kwa nini mahindi yamedumaa katika udongo uliokuwa na michai. Katika shule nyingi za Kenya, kemia hufundishwa kwa Kiingereza, na mzazi anayetia mbolea shambani hapati sehemu yoyote ya maarifa hayo kutoka kwa mwanawe. Pengo hilo halitazibwa kwa orodha za istilahi peke yake. Litazibwa pale mwanafunzi wa Kiswahili atakapoweza kumweleza mkulima, kwa sentensi anazozifahamu, kwamba kile anachokinunua kwa gunia hakikupungua hewani. Kimefungwa tu, na ufunguo wake ndio wenye bei.